Wanaoshona nyumbani tukutane hapa: nguo kuukuu inafumuliwa kwanza, mkasi baadaye

mshonaji wa Kimara

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo naliweka hapa. Nashona nyumbani, Kimara, kwa cherehani cha miguu aina ya Butterfly nilichopewa na mama mkwe. Sishoni biashara. Nashonea wanangu watatu, baba yao, na mara mojamoja jirani akiniomba. Sehemu kubwa ya ninachoshona haitoki dukani Kariakoo, inatoka kabatini: nguo zilizochoka mahali pamoja, kwingine kote nzima.

Ninachotaka kusema ni kimoja. Wengi wetu tukishika nguo kuukuu tunaanza na mkasi. Tunaikata kama kitambaa kilichopimwa dukani, kola inaenda, vifungo vinaenda, upindo unaenda, halafu tunalalamika kitambaa hakikutosha. Nguo ile tayari ina kazi ya fundi ndani yake. Kuna mtu alishakaa akatoboa matundu ya vifungo, akakunja upindo, akatia zipu ikalala vizuri. Ukifumua badala ya kukata, kazi hiyo yote unairithi bure. Cha kufikiria ni wapi kazi ya zamani iangukie kwenye nguo mpya.

Nitoe mfano wa wiki iliyopita. Mume wangu ana shati la pamba la mistari ya bluu, la kazini, amelivaa miaka. Kola imelika pale inapokunjika shingoni, kingo za mikono zimechanika. Mgongo mzima, mbele nzima. Nikaamua liwe gauni la binti yetu wa miaka mitano.

Shati lina urefu wa inchi 30. Mtoto kutoka begani hadi gotini ni inchi 23. Kosa la kawaida ni kuanza kupima juu, kwenye mabega ya shati, ukikata chini. Ukifanya hivyo umetupa upindo ulioshonwa vizuri na umebaki na sehemu ya juu iliyochoka. Mimi naanza chini. Upindo wa shati ndio upindo wa gauni, napanda juu inchi 23 na nusu inchi ya mshono, na kilichobaki juu, pamoja na kola mbovu, ndicho kinachotoka.

Hapo zikaja shida mbili, na ndizo zilizonifanya niandike uzi huu.

Ya kwanza ni mfuko. Mfuko wa shati la kiume unakaa kifuani kushoto. Ukishatoa inchi sita na nusu za juu, mfuko unajikuta umepanda karibu na bega la mtoto. Lazima utoke. Nikaufumua, na chini yake nikakuta kile ambacho kila aliyewahi kufumua mfuko anakijua: mraba wa rangi ya asili, bluu iliyokolea, maana jua na sabuni havikuwahi kufika pale. Kuufuta huwezi.

Ya pili ni vifungo. Nafasi kati ya kifungo na kifungo ni kama inchi tatu na nusu. Mstari wa shingo ukipita juu ya kifungo, unakikata na tundu lake. Ukipita mbali na kifungo, shingo inabaki inapanuka kama mdomo.

Suluhisho lilikuja nilipoligeuza shati kitandani. Mgongo wa shati ni kitambaa kimoja kipana kisicho na alama yoyote. Kwa hiyo mgongo wa baba ukawa mbele ya mtoto, na mbele ya baba, pamoja na vifungo vyake, ikawa nyuma ya gauni. Ule mraba wa mfuko sasa uko nyuma begani, na nusu yake imekwenda na kwapa. Mstari wa shingo nikaushusha inchi moja ili kifungo cha juu kikae robo tatu ya inchi chini yake. Gauni likapungua inchi moja kwenda juu ya goti, sikuona hasara.

Upana sikuuharibu. Juu nilikata upana wa inchi 14, mbele na nyuma vilevile, chini nikauacha upana wote wa shati, likawa gauni la kufunguka linalopitisha hewa. Kwa joto letu la Dar huyo mtoto atanishukuru. Shingo niliimalizia kwa utepe wa mshazari wenye upana wa inchi moja na nusu, uliokatwa kwenye mkono wa shati. Mshazari ni lazima hapo, maana kitambaa kilichokatwa kimshazari ndicho kinachofuata mviringo bila kukunjana. Mikono mifupi ilitoka sehemu ya juu ya mikono ileile.

Siku nzima kufumua, nusu siku kushona. Ndivyo inavyokuwa.

Kufumua kwenyewe: msivute. Pitia upande mmoja wa mshono, kata uzi kila baada ya hatua tatu au nne za sindano, halafu geuza upande wa pili uvute uzi mmoja utoke mrefu. Nguo haichaniki. Ukimaliza, lowesha kidogo upige pasi ya moto, matundu ya sindano kwenye pamba yatajifunga. Kwenye satini hayajifungi, kwa hiyo satini fikiria mara mbili kabla hujaifumua.

Wengine mnafanyaje? Karibuni.

wa Mbagala

Dada hongera sana. Mimi sina cherehani, nina sindano ya mkono tu na robota la nguo za wanangu zilizowabana. Kuna cha kufanya au nisubiri mpaka nipate mashine?

mshonaji wa Kimara

Usisubiri mdogo wangu. Mshono wa mkono wa kurudi nyuma, ule wa kuchoma mbele kisha sindano inarudi nusu hatua, unashika karibu sawa na wa mashine. Anza na vitu vyenye mishono mifupi. Suruali iliyotoboka magoti ifanye kaptula: pima, acha inchi moja na nusu ya upindo, kata, kunja mara mbili, shona. Jioni moja tu. Vifungo na zipu za nguo usizozihitaji zitoe uzitunze kwenye kopo. Siku ukipata cherehani utashukuru kopo lile.

fundi Tandika

Salaam. Mimi ni fundi, kazi yangu nafanyia barazani Tandika, na kila wiki naletewa nguo za kubadilisha. Nakubaliana na mama hapo juu, naongeza mambo ambayo wateja wanakuja nayo yakiwa yameshaharibika.

Moja, jueni kitambaa mlichoshika. Chomoeni nyuzi mbili tatu ndani ya mshono, zichomeni kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, inabaki jivu laini. Polista inayeyuka, inajikunja, inabaki kidonge kigumu cheusi. Ukishajua, utajua pasi iwe moto kiasi gani. Na nguo ya mtoto mchanga msifanye polista kwa hali ya hewa yetu hii, atatoka vipele vya joto.

Mbili, sindano. Watu wanashona jinzi kwa sindano ileile waliyoshonea khanga, ikivunjika wanalaumu mashine. Kitambaa chepesi namba 11, cha kawaida namba 14, jinzi namba 16. Pale mishono ya jinzi inapokutana, mguu na mguu, kitambaa kinakuwa tabaka sita au zaidi. Weka juu ya ubao, ponda kwa nyundo mpaka ilale, halafu pitisha ukizungusha gurudumu kwa mkono. Usikanyage.

Tatu, tisheti. Cherehani cha kawaida kinapiga mshono ulionyooka, na mshono ulionyooka haunyumbuki. Mtoto akiingiza kichwa, kwaa, umekatika. Wakati wa kushona ivute tisheti kidogo mbele na nyuma ya sindano, kidogo tu, na tumia uzi wa polista. Kama kuna jirani mwenye ovaloki, ile mashine ya mshono unaonyumbuka, mlipe akupigie, ndiyo dawa hasa.

kijana wa Ubungo

Fundi, na mimi niulize. Shati langu la ofisini lote zima ila kola imelika kwa nyuma. Mama alikuwa anasema zamani kola zilikuwa zinageuzwa. Ni kweli au ni hadithi?

babu wa Magomeni

Ni kweli kabisa mjukuu wangu, nami nilikuwa nageuziwa na nikajifunza kugeuza mwenyewe.

Ninyi mmekua mkiona mitumba imejaa Karume na Manzese, mnachagua. Miaka ya mwanzo ya 1980 dukani hakukuwa na kitu. Khanga ilikuwa inapangiwa foleni. Mtu akiwa na shati zuri moja alilitunza kama cheti. Kiraka hakikuwa aibu, aibu ilikuwa kiraka kibaya. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ile ndipo marobota yakaanza kumwagika, na watu wakaacha taratibu kugeuza kola. Sioni ubaya wa mitumba, imewavika wengi. Ila ufundi ule ulikuwa mzuri na unatoweka.

Sasa sikiliza. Kola ya shati ina vipande viwili: kola yenyewe inayokunjika, na ule mkanda uliosimama shingoni ambao kola imeingizwa ndani yake kwa juu. Inayolika ni kola, pale kwenye kunjo, upande unaoonekana. Upande wa chini hauguswi na jua wala ndevu, unabaki kama mpya.

Kabla ya kufumua chochote tafuta katikati ya kola na katikati ya mkanda, zitie alama kwa uzi wa rangi nyingine. Usiruke hatua hiyo, ukiiruka kola itakaa upande. Fumua mshono mmoja tu, ule wa juu ya mkanda ulioishika kola. Usiguse mshono ulioushika mkanda kwenye shati. Kola itatoka nzima mkononi. Pale ilipolika pitisha mshono wa kwenda na kurudi ili isiendelee kuchanika, maana sasa itajificha chini. Geuza. Irudishe ndani ya mkanda, katikati na katikati zikutane, piga bandi kwa mkono, yaani mshono wa muda wa hatua ndefu, jaribu shingoni, ndipo ushone juu ya mstari uleule wa zamani.

Haifai kwa kola zote. Kama ncha za kola zina matundu ya vifungo, ukigeuza vifungo na matundu havitaelewana. Kama chini ya kola kuna vile vijinjia vya kutia vijiti vya plastiki vya kunyoosha ncha, vitatokea juu. Na kama upande wa chini ni kitambaa cha rangi tofauti, basi ujue utavaa shati la kola tofauti.

kijana wa Ubungo

Shikamoo babu. Nimelikagua shati, halina vijinjia wala matundu. Jumamosi nalifumua.

babu wa Magomeni

Marahaba. Uzi wa alama usisahau.

mshonaji wa Kimara

Shikamoo babu, na ahsante sana. Hiyo ya kupitisha mshono pale palipolika sikuijua, nimekuwa nikigeuza hivihivi.

Sasa kwa kuwa Januari haiko mbali, niseme la sare, maana hapo ndipo fedha za wazazi wengi zinapokwenda. Sketi au suruali ya bluu ya shule ya msingi unayoshonesha, mwambie fundi aache upindo wa inchi tatu, na upindo huo ushonwe kwa mkono, usipigwe mashine. Mtoto akirefuka unafumua unashusha, na mshono wa mkono hauachi mstari wa matundu. Kinachobaki ni ule mstari uliopauka palipokuwa na kunjo. Njia ninayoitumia ni kutokusubiri. Kila mwisho wa muhula nashusha nusu inchi au inchi, hata kama bado inamtosha. Kunjo likikaa miaka miwili mahali pamoja linapauka na halitoki tena. Likihamahama halipati nafasi hiyo.

Kiunoni vilevile: mwambie fundi aache inchi moja kila upande ndani ya mshono wa nyuma. Baadhi ya mafundi wanakata sawasawa ili waokoe kitambaa chao. Kitambaa ni chako, sisitiza.

Na mashati meupe yaliyokwisha msitupe. Pamba nyeupe iliyofuliwa mara mia ndiyo bitana nzuri kuliko zote kwa nguo ya mtoto. Imeshavuta maji yote ya kuvuta, haitasinyaa tena, haitoi rangi. Hapo ndipo nguo kuukuu inaipita mpya. Ukichanganya kitenge kipya na kitambaa cha zamani, kile kipya kifue kwanza, mara mbili ikibidi, la sivyo kitasinyaa peke yake na nguo itajikunjakunja kwenye mshono.

wa Kigamboni

Kwenye jinzi mimi nashona mifuko ya sokoni. Nilianza 2019 baada ya ile mifuko ya plastiki kupigwa marufuku tarehe 1 Juni, nikawa naona watu wananunua mifuko kila wakienda sokoni. Mguu mmoja wa jinzi ya mtu mzima unatoa mfuko mmoja: kata chini ya goti kwenda juu, shona chini mara mbili, mkanda wa kiuno unakuwa mpini. Ule wa kwanza bado naendea nao feri kununua samaki.

wa Sinza

Naomba kuuliza, na nisameheni kama linatoka nje ya mada kidogo.

Mama yangu alifariki mwaka jana. Ameacha khanga nyingi, tumegawana na ndugu zangu. Moja niliyopata mimi ni doti aliyoipenda sana, ya zamani, imekuwa laini na nyembamba, jina lake ni NANI KAMA MAMA. Kuivaa naona itachanika. Kuiweka kwenye sanduku naona itaozea humo, nyumba yetu ina unyevu. Nataka wanangu waitumie. Ila kila nikishika mkasi mkono hauendi.

mshonaji wa Kimara

Pole sana mpendwa. Haliko nje ya mada, na nashukuru umeuliza kabla ya kukata.

Usikate. Khanga ina pindo pande zote nne, ina mji katikati, ina jina. Vitu hivyo vinategemeana. Ukiikata vipande vya mito utabaki na pindo la upande mmoja hapa na herufi nne kule. Na khanga iliyolainika hivyo haina tena nguvu ya kubeba mshono peke yake. Uzi utashika, kitambaa pembeni ya uzi kitaachia.

Ningekuwa mimi, ningeifanya shuka la kujifunika watoto, khanga ikiwa nzima. Doti bado haijakatwa? Kama vipande viwili bado vimeungana, hapo tu katikati itenganishe, ndipo mahali pake pa kutenganishwa tangu kiwandani. Kipande kimoja kitumie, cha pili kihifadhi kikavu, kitoe nje kivulini mara kwa mara kipigwe na hewa.

Tafuta shuka la pamba lililotumika, lisiwe jipya, kubwa kuliko khanga kwa inchi mbili kila upande. Fua vyote viwili, piga pasi. Tandika shuka sakafuni, khanga juu yake, uso juu. Lainisha kwa viganja kutoka katikati kwenda nje. Usivute, khanga ya zamani ukiivuta inapinda na pindo halitanyooka tena. Piga bandi yote, kwa uzi mweupe, mistari ya kukatizana kila baada ya shubiri.

Sasa ile inchi mbili ya shuka iliyozidi ikunje mara mbili ije juu ya ukingo wa khanga, uishone. Hapo ukingo wa khanga umefichwa ndani ya shuka na hautafumka. Katikati usipige mistari ya mashine. Tia vifundo vidogo vya mkono kila baada ya inchi sita, sindano ishuke, ipande, ufunge. Vifundo vifuate maua ya mji ili visionekane. Hivyo uzito wote unabebwa na shuka, khanga inapumzika juu yake.

Kufua ni kwa mkono, maji baridi, isikamuliwe kwa kunyongwa. Anika kivulini.

fundi Tandika

Hapo nakubali moja kwa moja. Naongeza: kama kuna mahali pameshatoboka, kiraka kiwekwe kwa chini, kati ya khanga na shuka, kisiwekwe juu. Na dada kama uko Sinza na vifundo vinakushinda, niandikie humu nikuelekeze. Sitakutoza kwa hiyo.

kijana wa Ubungo

Mrejesho, wakuu. Kola imegeuka. Mara ya kwanza ilikaa upande kwa kama robo inchi, alama ya uzi niliweka kwenye kola nikasahau kwenye mkanda. Nimefumua, nimeanza upya, imekaa. Leo nimeivaa kazini.

babu wa Magomeni

Vizuri sana. Sasa zigeuze na kingo za mikono.

wa Sinza

Nimerudi. Imenichukua siku kumi, usiku watoto wakilala. Vifundo vyote nimevitia mwenyewe.

Kuna kitu kimoja kilinisimamisha jana na hamkukitaja. Jina la khanga liko upande mmoja, na lina juu na chini. Nikajiuliza lielekee wapi: lisomwe na anayeingia chumbani akisimama miguuni pa kitanda, au na aliyelala?

mshonaji wa Kimara

Sikuwahi kulifikiria hilo. Umeamuaje?

wa Sinza

Nimeligeuzia kwa aliyelala.